Pistoni ya Heru Juu: Masahihisho ya Hadithi Niliyoisimulia Vibaya

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia hadithi moja ya mjomba wangu na fundi wake, na watu wamekuwa wakicheka. Niliisimulia bwenini nikiwa sekondari. Niliisimulia chuoni. Mara moja niliiandika kama insha, na mwalimu akanipa alama nzuri. Hadithi yenyewe ni fupi. Mjomba alikuwa na pikipiki kali kuliko zote Heru Juu, fundi akaichokonoa kabureta yake, na safari ya kwanza ya kwenda Kigoma injini ikanoki kwenye mteremko mrefu kabla ya Kidahwe. Mjomba akarudi nyumbani juu ya lori la mihogo, yeye na pikipiki yake wamelala pamoja. Msikilizaji anacheka, fundi anabaki mjinga, na sisi tunaendelea na chai.

Leo naisahihisha, kwa sababu nimegundua nilikuwa nasimulia uongo bila kujua. Lakini ili nieleze kosa langu, lazima nieleze kwanza ile pikipiki ilifikaje Heru Juu, kabureta ni kitu gani, na mlima una ugomvi gani na petroli. Kwa hiyo wasomaji wangu mnivumilie. Hii ni insha ya historia, ila ina grisi mikononi.

Nchi ya juu

Kwa asiyeijua, Heru Juu ipo Kasulu, mkoa wa Kigoma, kwenye nyanda za juu za Buha zinazopakana na Burundi. Zamani Buha ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru upande huu wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kule Kakonko. Miaka ya kuelekea uhuru, Heru iliongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini jina la Heru limebaki mlimani na watu wake wamebaki nalo.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ilifika ziwani na ikaishia hapo, mlima haikuupanda. Waingereza walipochukua nchi waliifanya Buha kuwa kisima cha kuchota vibarua. Wanaume walishuka kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya mashariki, wakaitwa manamba, na wengi walikwenda kwa miguu. Aliyerudi na akiba alirudi na baiskeli. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na baiskeli ile ndiyo iliyomfundisha mjomba kwamba mtu wa mlimani anaweza kumiliki mwendo.

Pikipiki zilipanda baadaye, na zilipanda na watu wa kazi: mapadri, mabwana shamba, waganga wa wilaya. Kisha yakaja mambo makubwa kuliko wilaya. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka kwa wingi. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa Bujumbura, walivuka tena. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Kambi zilileta mashirika, na mashirika yalileta pikipiki za porini: Yamaha DT 125, Yamaha AG 100, Honda XL 125. Zilipochakaa zikauzwa kwa mnada, zikaingia mikononi mwa walimu na wafanyabiashara wa maharage.

Hivyo ndivyo mjomba alivyopata DT yake. Mimi huwa nafikiria jambo hilo kwa uzito kidogo. Furaha kubwa ya utoto wangu, yaani kupakiwa mbele kwenye tanki la pikipiki ile, ilikuwa salio la misiba ya jirani zetu.

Ukoo wa mashine

DT si pikipiki ya lami, lakini ni ya mchezo. Yamaha walianzisha familia hiyo mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250, wakiitengenezea watu wanaopenda kukimbiza pikipiki porini. Ndugu zake wadogo wa cc 125 na 175 ndio waliozagaa Afrika. Ni nyepesi, ndefu, na injini yake ni ya mipigo miwili: inalia kama nyuki aliyekasirika na inaondoka kama imechomwa mkuki.

Na ukoo wake unachekesha. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya DKW ilibuni pikipiki ndogo ya mipigo miwili, RT 125. Wajerumani waliposhindwa, ramani zake zikachukuliwa kama ngawira. Waingereza wakaitoa kwa jina la BSA Bantam mwaka 1948. Yamaha nao, walipotaka kuanza kuunda pikipiki, waliiga mashine hiyohiyo, na YA-1 yao ikatoka mwaka 1955. Kwa hiyo Mjerumani aliyefukuzwa Kigoma mwaka 1916 alirudi kwa mlango wa nyuma, amevaa nembo ya Kijapani.

Kabureta nayo ina safari yake. Miaka ya 1890 Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, walifikia wazo linalofanana: badala ya kungoja petroli igeuke mvuke yenyewe, iache hewa inayopita kwa kasi iinyonye kwenye tundu dogo na kuipuliza kama manyunyu. Waingereza wa kampuni ya Amal wakaifanya ya pikipiki kwa njia rahisi: mlango wa duara unaopanda na kushuka ukivutwa na waya wa gesi, na chini yake sindano iliyochongoka. Mwaka 1960 Mikuni wa Japani walichukua leseni ya Amal. Mikuni ndiyo iliyokuwa kwenye DT ya mjomba, milimita 24, tayari imekwisha kwa uzee. Mlango ulikuwa umelika hadi unacheza kama jino la mtoto.

Kabureta ya Kariakoo

Fundi alishauri watafute Mikuni nyingine ya saizi ileile. Mjomba hakutaka. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwa mambo yake, akapita Kariakoo, na huko akauziwa kabureta ya milimita 28 ambayo muuzaji aliiita ya mashindano. Hesabu ya mjomba ilikuwa nyepesi: tundu kubwa, hewa nyingi, nguvu nyingi.

Kiukweli tundu la 28 lina eneo kubwa kuliko la 24 kwa zaidi ya theluthi moja. Shida ni kwamba kabureta haiishi kwa ukubwa wa tundu. Inaishi kwa kasi ya hewa. Mto ukipita kwenye korongo jembamba unakwenda mbio, ukifika bondeni kwenye upana unatulia. Hewa ni vilevile. Ukiipanua njia bila kuibadili injini, hewa inapita kwa uvivu, na hewa mvivu hainyonyi petroli vizuri. Ukifungua gesi kidogo pikipiki inakohoa, ukifungua yote inashtuka na kuruka. Mjomba akaongeza na ekzosi ya kupasua masikio, akatoa na chujio la hewa. Kila alichofanya kilibadili hesabu ya kabureta, na hesabu yote ikaangukia mikononi mwa fundi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kwenye hadithi yangu sikulitaja kamwe. Injini ya mipigo miwili haiweki oili chini kwenye sampo kama ya mipigo minne. Oili inaingia pamoja na petroli, inapaka beringi na kuta za silinda, kisha inaungua na kutoka kama moshi wa buluu. Tangu mwaka 1964 Yamaha walikuwa na pampu yao, Autolube, inayochukua oili kwenye tanki lake na kuipeleka kwenye injini kwa kipimo. Mjomba aliagiza pampu hiyo itolewe. Vijiweni Kasulu alisikia kwamba pampu hufa kimyakimya na kuua injini, na ni kweli huwa inatokea. Akataka oili ichanganywe kwenye tanki la petroli, kama zamani, lita 1 kwa lita 25. Fundi akafanya alivyoagizwa.

Mlima na hewa

Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu mjini ni kama mita 1,300, na nyanda za juu za Buha zina sehemu zinazopita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi; kwa kila mita 1,000 unazopanda, mgandamizo wake hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui kwamba imepandishwa mlimani. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea, wakati hewa ya kuichoma imepungua. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi iliyolowa, injini nzito inayomisi.

Tatizo hili ni la Afrika Mashariki nzima. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwapeleka madereva kutoka pwani ya Mombasa hadi milima ya Kenya inayopita mita 2,000, na gari lililotuniwa kwa ajili ya bahari lilikuwa likisongwa huko juu. Ila wao walikuwa na timu na magari ya vipuri. Fundi wa Heru Juu alikuwa na bisibisi, bomba la sindano kutoka zahanati, na saa ya mkononi.

Kabureta ya Kariakoo ilikuja na jeti kubwa mno. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu, na tundu hilo ndilo linaloamua petroli kiasi gani ipite gesi ikiwa imefunguliwa yote. Jeti ndogo za aina ile hazikupatikana Kasulu wala Kigoma mjini. Isitoshe, namba hazisaidii: Mikuni wengi hupewa namba kwa kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika, Keihin kwa upana wa tundu, na vya kuiga vinaandikwa tu. Kwa hiyo fundi aliziba tundu kwa risi ya kulehemu, akalitoboa upya kwa sindano ya cherehani aliyoinoa mwenyewe. Kisha akaifunga jeti mwishoni mwa bomba la sindano, akalijaza petroli, akahesabu sekunde hadi likauke. Akaandika kwenye daftari. Akapanua kidogo, akahesabu tena, akaandika. Bila kuambiwa na mtu alikuwa amefikia kipimo kilekile cha Wajapani.

Halafu alikuwa akimpandisha mjomba kilimani gesi imefunguliwa yote, anamwambia azime ghafla, anachomoa plagi na kuisoma. Nyeusi: petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa: hewa imezidi, na hapo kuna hatari ya kuyeyusha pistoni. Kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea: hapo ndipo. Ilichukua siku nne. Siku ya nne DT ilipanda kile kilima ikiwa gia ya tatu bila kulalamika, na sisi watoto tukakimbia nyuma yake hadi pumzi zikatuishia.

Mteremko

Wiki iliyofuata mjomba alikwenda Kigoma kuulizia bei ya maharage, akitegemea kurudi na dagaa na mawese. Hakufika. Kwenye mteremko injini ilikaza ghafla, tairi la nyuma likafunga, na pikipiki ikamburuta. Alichubuka mkono wote wa kulia.

Maelezo yake yalikuwa yanaeleweka, na ndiyo niliyoyarithi. Fundi alipunguza jeti kwa ajili ya mlima. Mjomba aliposhuka alikutana na hewa nzito, petroli ikawa haitoshi, injini ikachemka, ikanoki. Mtu yeyote anayejua kabureta kidogo atakubali. Ndiyo hatari ya kujua kidogo. Mjomba alilisema jambo hilo sokoni, kanisani na msibani. Wateja wa pikipiki wakamkimbia fundi, akarudi kuziba pancha za baiskeli misimu miwili ya mvua. Nami nikalibeba jambo hilo, nikalitia chumvi, nikapewa alama.

Mwaka jana nilikwenda Heru Juu kwenye kumbukumbu ya mjomba, ambaye ametutangulia. Nilipita kwa fundi kumsalimia. Ni mzee sasa, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Tukaongea habari za familia, kisha nikataja ile safari, na nikacheka kidogo kama nilivyozoea. Yeye hakucheka.

"Wewe mwanangu ndiye unayeandika," akasema. "Hebu niambie. Pikipiki ilinoki gesi imefunguliwa au imefungwa?"

"Imefungwa, mzee. Alikuwa anateremka."

"Sasa jeti kubwa inafanya kazi gani gesi ikiwa imefungwa?"

Nilinyamaza. Jeti kubwa hutawala gesi ikifunguliwa kupita robo tatu. Katikati hutawala sindano. Gesi ikifungwa, inabaki jeti ndogo ya sailensa peke yake. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, kwa kumsikiliza yeye, na sikuwahi kuliunganisha.

Akainuka, akachukua pistoni kwenye rafu. Ndani yake alikuwa anahifadhi jeti, nati na skrubu ndogondogo. Akazimimina kwenye kitambaa, akanipa. Kichwa cha pistoni kilikuwa kizima, kahawia safi, hakuna alama ya kuyeyuka. Lakini ubavuni, pande zote mbili, kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya kwenda juu na chini, kama imepitishwa kwenye changarawe. Pistoni iliyokufa kwa kukosa petroli gesi ikiwa wazi huungua kichwani. Hii ilikufa kwa kiu ya oili.

Ndipo akanieleza taratibu, kama anavyomweleza kijana anayejifunza. Oili ikiwa ndani ya petroli, petroli ikikatika na oili imekatika. Mjomba alifunga gesi juu ya mlima, akaacha gia ishike, injini ikawa inazungushwa na tairi kwa kasi kubwa huku haimezi karibu chochote. Dakika kadhaa namna hiyo zinatosha. Pampu ya Yamaha ingeendelea kudondosha oili kidogo kwa sababu inazungushwa na injini yenyewe, lakini pampu ilikuwa imelala ndani ya boksi chini ya kitanda cha mjomba. Baadaye nilisoma kwamba Saab wa Sweden, walipotengeneza magari ya mipigo miwili, waliyawekea kifaa cha kuiachia injini ipumzike gari linapoteremka. Sababu ni hiyohiyo.

"Nilimwambia," fundi akasema. "Ukishuka, vuta klachi, au fungua gesi mara kwa mara inywe. Alisema amesikia."

Hewa nzito ya bondeni? Nilimuuliza, maana nilitaka angalau nibaki na kipande cha hadithi yangu. Akasema ingefanya plagi iwe nyeupe kidogo tu, na alikuwa ameiacha jeti kubwa kidogo kuliko mlima ulivyotaka, kwa kujua mjomba atashuka. Akafungua daftari. Ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu ya risasi: sekunde za Heru Juu, na chini yake sekunde alizoziacha, na neno moja pembeni, Kigoma.

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Mjomba wako alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa ameshapoteza pikipiki. Nimwongezee na aibu? Nilijua itapita."

Haikupita. Mimi ndiye niliyehakikisha haipiti, kila nilipokaa na watu nikatafuta kicheko.

Daftari

Sasa hivi Kasulu imejaa pikipiki za Kihindi na Kichina za mipigo minne. Kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu rasmi bodaboda, vijana wengi walipata kazi, na moshi wa buluu ukapotea barabarani. Zile za Kichina nyingi ni wajukuu wa Honda CG 125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa makusudi kwa nchi kama zetu, ivumilie mtu asiyeitunza. Barabara ya kwenda Kigoma siku hizi ina lami. Na tayari kuna pikipiki zisizo na kabureta kabisa. Kompyuta ndogo inapima hewa yenyewe na kukata petroli kwa kipimo. Pikipiki ya namna hiyo itapanda Heru na kushuka ziwani bila kumhitaji mtu mwenye sindano ya cherehani.

Historia ya Buha tunayoisoma ina mamwami, ina manamba, ina wakimbizi, ina mashirika. Daftari la sekunde halimo. Nilimwomba fundi nilipige picha kurasa zake, akakubali. Niliomba pia aniuzie ile pistoni. Hiyo alikataa, akauliza jeti zake atazitia wapi.

Basi, nyote mlioisikia hadithi ile kwangu, bwenini, chuoni na kwingineko, naomba mnirudishie. Fundi hakukosea. Kabureta ilikuwa sawa. Mkiisimulia tena, anzeni na pampu iliyokuwa chini ya kitanda.